Fatiha ya Jumamosi

Ukianzia Ukunda ukaenda mpaka Msambweni ukiuliza ni nani aliyetupotezea kesi ya hoteli, utaambiwa ni Wakili, yule mzee wa Kiyahudi aliyekataa kushika kalamu siku ya Jumamosi. Wauza mitumba watakwambia, waendesha bodaboda watakwambia, hata wasiojua kesi yenyewe ilihusu nini watakuwa na la kusema. Nimelisikia jambo hili likisemwa mbele yangu mara nyingi mno, na kila mara nimenyamaza, au nimeuliza bei ya nyanya. Mimi nilikuwa karani wake kwa miaka kumi na mmoja, na kabla ya hapo nilikuwa mmoja wa walioipoteza kesi hiyo. Jumamosi ile nilikuwepo. Na mengi ya yaliyotokea siku ile niliyafanya mimi.

Sasa nimechoka. Goti la kushoto limechoka kwanza, mengine yamefuata. Nimechoka pia kunyamaza, ingawa nakiri kwamba kunyamaza hakuchoshi kama watu wanavyodai. Mtu aweza kunyamaza miaka mingi na akanenepa. Mimi nilinenepa.

Nilikuwa dobi. Hoteli yetu ilikuwa Diani, na chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, karibu na jenereta, mahali ambapo mgeni hafiki. Tulifua mashuka na taulo, tukayapiga pasi, tukayakunja pembe kwa pembe. Nina alama ya pasi mkono wa kulia mpaka leo. Haikuwa kazi ya kuringia, lakini ilikuwa na barua, na mtu mwenye barua ya kazi alikwenda likizo akarudi akaikuta kazi yake.

Siku moja tukaitwa tukaambiwa hoteli haitaki tena kuwa na wafanyakazi wake yenyewe. Ilitaka iletewe wafanyakazi na kampuni nyingine, kama inavyoletewa mboga. Sisi tuandike barua za kuacha kazi kwa hiari, tujaze fomu za kampuni ile, kisha turudi palepale, kwenye mashine zilezile, tukiwa vibarua wa siku. Tulikuwa watu thelathini na kitu, madobi na wasafisha vyumba, wengi wetu wanawake wa Kinondo, Ukunda na Msambweni, na wachache kutoka bara. Tukakataa. Kesho yake tukakuta lango limefungwa na jina la kila mmoja limeandikwa kwa mlinzi. Tulichotaka kilikuwa kimoja tu: turudi kazini kwa barua zetu za zamani.

Mlinzi huyohuyo, kwa huruma, ndiye aliyetuelekeza kwa Wakili. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa pale Ukunda. Tulipanda ngazi watu saba tukamkuta mzee mrefu, mwekundu kwa jua, amevaa shati la mikono mirefu katika joto lile, na utosini ana kofia ndogo ya kitambaa. Sisi madobi tulitazamana. Tulidhani ni baraghashia iliyofuliwa kwa maji ya moto ikasinyaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Karibuni, kaeni. Viti havitoshi, lakini kesi nazo zina utaratibu wa kusimama."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shuka la hoteli, hakina mkunjo, na kwa hiyo hakina raha sana kukilalia. Baadaye kililegea. Alijifunza kwetu kusema "jamani" na "lo", na akawa anazitumia mahali pake, isipokuwa mahakamani.

Maisha yake aliyasimulia kidogo kidogo, na mimi nimeyaunga mwenyewe. Alizaliwa nchi ya baridi, katika familia iliyokuwa imekimbia nchi nyingine ya baridi zaidi. Babake alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda cha nguo, akafukuzwa kazi mara tatu kwa kuwakusanya wenzake. Yeye akasomeshwa uwakili ili asifukuzwe. Alikuja Kenya kijana, akafanya kazi Nairobi upande wa matajiri, akafanya mitihani ya hapa upya, akachukua uraia. Mkewe alikufa akazikwa hukohuko Nairobi, kwenye makaburi ya watu wao. Aliniambia kwamba siku moja alimshinda mahakamani mlinzi mmoja wa usiku aliyekuja bila wakili, na ushindi ule ulikuwa rahisi mno. "Niliona aibu kula chakula changu," alisema. Nilimwambia angekula tu, maana yule mlinzi hakushiba kwa yeye kushinda na njaa. Alicheka, kisha akasema hilo ndilo lililomfanya ahamie upande wa pili wa meza, kwamba aibu peke yake haikumlisha mtu.

Siku yake ya mapumziko ilianza Ijumaa jua likizama, ikaisha Jumamosi nyota tatu zikionekana. Katika muda huo hakuandika, hakupanda gari, hakuwasha moto wala simu, na hakumtuma mtu amfanyie hayo. Watu wa bara walimwona wa ajabu. Sisi wa Kinondo hatukushangaa sana. Na sisi tuna mahali ambapo mambo fulani hayafanywi, na mtalii akiuliza sababu tunamwambia ndivyo ilivyo. Lakini hoteli nayo ilijua desturi yake. Ilikuwa na wakili wake, na wakili huyo hakuwa mjinga.

Kesi ilikwenda miezi. Tulivuka feri kwenda Mombasa, tukakaa kwenye mabenchi, tukaambiwa tarehe nyingine, tukarudi. Wanawake walianza kuuza viazi vya kukaanga na nguo za watoto, mmoja akarudi kwao Msambweni kulima mihogo. Ramadhani ikaingia tungali hivyo. Ndipo Jumamosi moja asubuhi meneja wa wafanyakazi akanipigia simu.

Huyu meneja hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa shangazi ya mume wangu, amekula arusini kwangu, na mume wangu alipofariki alishuka kaburini kumpokea. Nilikuwa namwita shemeji, ingawa kazini nilimwita bwana.

"Mwenye hoteli anaondoka kesho," akasema. "Mkitaka jambo hili liishe kwa heri, njooni leo alasiri. Mje na mzee wenu."

Nilikwenda nyumbani kwa Wakili kubisha hodi, kwa kuwa simu yake ilikuwa imelala. Alisikiliza amesimama mlangoni. Akachukua kofia ya jua akaivaa juu ya ile ndogo. Tukatembea kwa miguu kutoka Ukunda mpaka hotelini, yeye na mimi na wenzangu wanne, jua la Ramadhani likitupiga utosini. Nilimwambia anywe maji, yeye hafungi. Akasema hawezi kunywa maji mbele ya watu watano wenye kiu. Basi tukafika sote sita midomo imekauka.

Tulikutana katika mesi ya wafanyakazi. Wenzetu wote walikuwa wamekwisha fika, kwa kuwa habari ya kurudi kazini hupita upesi kuliko ya msiba. Shemeji alizungumza vizuri, na sitamnyima sifa hiyo. Alisema mwenye hoteli amelegea, Jumatatu tutaingia, kila mtu kwa kazi yake na barua yake ileile, yaliyopita yamepita. Akasema, "Wallahi, mimi ndugu yenu siwezi kuwadanganya, tena nimefunga." Wanawake wengine walilia. Mimi nililia.

Wakili hakulia. Alisema, "Maneno haya ni mazuri sana. Naomba tungoje nyota zitoke. Nitayaandika kwa mkono wangu, mtie sahihi, twende nyumbani."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hayakuharibiwa na mtu mwovu. Yaliharibiwa na uji. Nyota zake zinatoka baada ya magharibi, na magharibi ndiyo saa ya kufuturu. Kila mwanamke mle ndani alikuwa na watu nyumbani wanaongoja mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, na wengine walikuwa na mwendo mrefu. Nikasikia minong'ono. Nani atapika? Watoto wafuturu nini, nyota?

Wakili akanigeukia. Alisema taratibu, kwa sauti ya kusikika na wote: "Dada, mimi siandiki leo, na siwezi kukuomba uniandikie. Lakini jambo hili si langu. Ni lenu."

Nilimwelewa. Nataka jambo hili lieleweke na kila mtu: nilimwelewa vizuri kabisa. Alikuwa ananiambia nichukue karatasi niandike mwenyewe, kwa ajili yetu, si kwa ajili yake. Kalamu ilikuwa mkobani mwangu, na daftari lilikuwemo. Mistari mitatu ingetosha, na mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote.

Lakini mbele yangu alikaa shemeji, amefunga, ameapa. Kutoa karatasi baada ya kiapo kile kulikuwa sawa na kumwambia mbele za watu kwamba ni mwongo. Habari ingefika kwa mama mkwe wangu kabla sijafika mimi. Nilifikiria pia mbaazi zangu nilizozibandika asubuhi nikaziepua hazijaiva. Sitasema nilifikiria makubwa kuliko hayo.

Nikasema, "Shemeji amekwisha apa. Tusomeni Fatiha, twendeni tukafuturu."

Nikainua mikono. Wakainua wote. Hata wenzetu Wakristo wa bara waliinamisha vichwa. Kwetu Fatiha ikisomwa jambo limefungwa. Tumeposwa kwa Fatiha, ndugu waliokosana wamepatana kwa Fatiha, mashamba yamegawanywa kwa Fatiha na mipaka yake ingalipo. Baada ya amina, mtu anayedai karatasi ni fidhuli. Shemeji aliitikia amina kwa sauti kubwa kutushinda sote.

Wakili alikuwa amesimama karibu na mlango. "Dada," aliniambia tulipokuwa tunatoka, "na karatasi?"

"Wakili, Fatiha imekwisha somwa."

Walimpa lifti akakataa, maana jua lilikuwa bado halijazama. Alirudi Ukunda peke yake kwa miguu, na mimi nikapanda gari la watu wa Kinondo nikawahi kuivisha mbaazi.

Jumatatu tulikuta meza imewekwa langoni, na nyuma yake amekaa kijana wa ile kampuni na fomu zake. Shemeji alikuwa kando yake. "Ni utaratibu tu," alisema, "ya ndani mtayakuta yaleyale." Tulijaza. Mtu ambaye umesoma naye Fatiha juzi, utamkatalia fomu? Tukaingia, tukawasha mashine, na kwa wiki mbili tulifurahi. Mwisho wa mwezi tukajua sisi ni vibarua.

Mahakamani upande wa hoteli ulileta zile fomu, moja moja, kila moja na sahihi. Shemeji alipanda kizimbani akaulizwa kuhusu Jumamosi ile. Alisema, "Tulisoma dua ya heri, kama ilivyo ada yetu. Nilisema nitajitahidi. Hapakuwa na mkataba." Hakunitazama. Nilimtazama mimi, mpaka macho yakaniuma.

Jaji akamuuliza Wakili kwa nini makubaliano makubwa namna ile hayakuandikwa. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimepakata faili. Ningeweza kumvuta koti. Aliinuka akasema, "Mheshimiwa, ilikuwa Sabato yangu. Sikuandika. Kosa ni langu."

Ikaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za mahakama. Kesi ikatupwa. Tukarudi kwa feri tumesimama bega kwa bega na mikokoteni ya machungwa, na hakuna aliyemsemesha. Tulipofika Likoni wenzangu walitangulia, mimi nikabaki nyuma naye kwa sababu faili lilikuwa kwangu. Nilitaka kumshukuru nikashindwa jinsi ya kuanza, kwa maana kumshukuru kungekuwa kukiri.

Ile kampuni haikunihitaji kwa muda mrefu. Wakili ndiye aliyenichukua. Alisema anahitaji karani anayejua watu, na mimi nilijua watu. Nikajifunza kupanga mafaili, kuandika viapo, kuwaambia wateja kwa upole kwamba kesi yao haina miguu. Nikala mkate wake miaka yote hiyo, na jina lake likawa linaliwa nje, nami nasikia.

Kwa nini aliingia siasa? Wapo wanaosema ni tamaa. Tamaa ya nini, Mungu wangu? Mzee yule alikuwa na suruali tatu. Nadhani kesi yetu ilimvunja mahali fulani, na badala ya kukaa chini akaamua kutembea kwa kuchechemea. Alisema sheria za kazi zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kufua shuka. Akagombea udiwani kwa tikiti ya chama kidogo cha watu wa jasho, na kwa mshangao wa kila mtu, yeye mwenyewe wa kwanza, akashinda. Walimpigia kura wapagazi, walinzi, wafagiaji, wapishi na wachoma mkaa. Madobi wenzangu pia walimpigia, wakisema, "Maskini mzee, kosa moja si makosa."

Kosa moja. Nilikuwepo waliposema.

Udiwani ulimzeesha. Mwakilishi wa watu huku kwetu ni mtu wa misiba, na misiba haichagui siku. Sehemu za ndani watu wa bara huzika Jumamosi, turubai limefungwa na kipaza sauti kinangoja viongozi. Kiongozi wao alikuwa nyumbani na simu iliyolala. Nilikwenda mimi, na barua ya rambirambi aliyoiandika Alhamisi kwa sababu alikwisha hesabu kwamba kufikia Jumamosi atakuwa amekufa mtu. Kwa Waislamu wa pwani maiti hangoji. Akifa asubuhi adhuhuri yuko kaburini. Ikiwa ni karibu Wakili alikwenda kwa miguu, akafika ameloa jasho, akasimama nyuma ya safu. Wengine walimpenda kwa hilo. Wengine walisema mbona diwani wetu hana hata petroli.

Na kulikuwa na chakula. Umkaribishe mgeni wa heshima Kinondo, umpe kamba wakubwa, umpe pweza wa nazi, na yeye asiguse kwa kuwa dini yake haimruhusu. Mimi nilikuwa nasema ana mzio. Kwa mujibu wangu Wakili alikuwa na mzio wa kamba, pweza, kaa, ngisi na chaza, na wanawake wakawa wanamwonea huruma kama mgonjwa. Alikula wali mtupu na kachumbari akasifu nazi.

Tena zikaja habari za vita vya mbali, zikiingia katika kila simu. Baada ya sala ya Ijumaa watu walimsimamisha barabarani wamwulize yeye, kana kwamba alikuwa anapigiwa simu kushauriwa. Alisema kila mara jambo lilelile, kwamba mtoto aliyekufa ni mtoto, na hakuna mzazi anayezika upande. Wengine waliridhika. Wengine walitaka atukane, na yeye hakujua kutukana kwa Kiswahili. Hilo tulisahau kumfundisha.

Alipigania wafagiaji wa soko wapewe barua za kazi. Wakapewa, na ndio waliomsahau upesi zaidi. Mengine aliyoyapeleka katika bunge la kaunti yalifia mezani, kwa sababu wenzake walikuwa wanakwenda chai. Alikuwa anarudi jioni, anavua viatu ofisini, ananiambia, "Dada, leo nimesema kwa dakika arobaini na kiti kimenisikia."

Kampeni ya pili ilikuwa chafu. Wapinzani hawakuhitaji kutunga. Walikuwa na ile kumbukumbu ya mahakama. Waliisoma kwa vipaza sauti: kosa ni langu, kosa ni langu. Mmoja alisema, "Mtachaguaje mtu ambaye siku moja kwa juma hana mikono?" Watu walicheka, na mimi ningecheka ingekuwa si yeye.

Mkutano wetu wa mwisho ulikuwa Msambweni, karibu na soko. Nilikuwa jukwaani, mimi karani mwenye kujua watu. Mstari wa mbele walikaa madobi wenzangu, leso zimefunika vichwa. Mtu mmoja akainuka katikati ya umati akasema, "Mama, wewe ulikuwepo. Hebu tuambie leo mbele ya watu: ni kweli mlipoteza kazi kwa sababu ya Jumamosi ya mzee huyu, au si kweli?"

Nikapewa kipaza sauti. Kilikuwa cha moto kwa jua. Niliwaona wenzangu wakitazama chini wakichezea pindo za leso. Nikamwona Wakili amegeuka upande wangu, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho sikutaka kukisoma.

Nikasema, "Jamani, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Wakapiga makofi. Methali haikosi makofi. Wakili alirudisha uso wake mbele taratibu, akatazama mikono yake. Wiki iliyofuata akashindwa, na kura za Kinondo, kura za madobi, zilikwenda kwingine.

Baada ya hapo moyo wake ukaanza kusumbua. Akafunga ofisi, akapanga nyumba Msambweni awe karibu na hospitali. Ninakwenda kumwona kila Jumanne. Tunakunywa chai ya rangi, namsomea magazeti kwa kuwa macho yake hayataki herufi ndogo, na hatuzungumzi siasa.

Mwaka huu mwenzetu mmoja wa chumba cha kufulia alifariki, na hitma yake ilisomwa Kinondo. Baada ya kula tulibaki uani sisi wa zamani, kama wanane hivi, tunaosha masinia. Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ni kuona tunapungua. Nikasema, "Nina neno. Kesi yetu hakuipoteza Wakili. Siku ile nilikuwa na kalamu na daftari mkobani. Aliniashiria niandike. Mimi ndiye niliyekimbilia Fatiha."

Hakuna aliyeacha kuosha. Kisha mmoja, mkubwa wetu, akasema, "Kwani unadhani uliisoma peke yako?"

"Mlijua?"

"Mwanangu, tulikuwa chumba kimoja. Tulimsikia anavyokwambia. Na mimi nilikuwa na mwandiko pia, si wewe tu. Nilikuwa na uji jikoni."

"Basi kwa nini mlimwacha alaumiwe? Kwa nini hamkumpa kura?"

Aliegemeza sinia ukutani lichuje maji. "Tungemlaumu nani? Wewe? Ukifa wewe tutakuosha sisi. Shemeji yako? Watoto wake wameoa kwetu. Yule mzee ni mgeni, na alisema mwenyewe kosa ni lake. Sisi hatukumbebesha, tulimkuta nalo. Na mtu akishalaumiwa miaka mingi namna ile, utampaje kura? Utamtazama usoni vipi?"

Wengine waliitikia kwa vichwa. Walikuwa wananisamehe, nadhani, na walitaka na mimi niwasamehe, tuishie hapo. Mmoja alinipa sinia nifute. Nilirudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetoka homa, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, nikaamka nimeazimia kumwambia.

Jumanne nilimkuta barazani, shuka limemfunika magoti. Nikamwamkia, nikammiminia chai, nikakaa. Nikamwambia yote: mkoba, kalamu, mbaazi, mama mkwe. Nikamwambia pale jukwaani nilikuwa na ukweli mdomoni nikatoa methali. Nikamwomba radhi, na nililia, ingawa nilikuwa nimejiahidi sitalia.

Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wateja, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Hayo nayajua," akasema. "Nilikuwepo, dada. Pale Msambweni nilidhani utayasema. Niliyangoja. Halafu nikajiambia, ana watu wake, ataishi nao." Alikunywa chai kidogo. "Imekwisha. Usilie."

Ningeishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo, angekunja gazeti akaenda zake. Lakini nilitaka kumpa kitu, nikadhani nina zawadi.

Nikasema, "Na wenzangu nao wanajua. Wote. Walijua tangu siku ile, walikusikia. Hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba kosa ni lako."

Alikiweka kikombe chini. Akatazama barabara, ambapo mwanamke mmoja alikuwa anapita na ndoo ya samaki.

"Wote?" akauliza.

"Wote."

"Mimi nilidhani wamedanganywa," akasema. "Nilipoziona kura za Kinondo, nilisema hawa watu wamedanganywa, hawajui. Mtu aliyedanganywa huwezi kumlaumu. Nimekaa na hilo hapa barazani, limenitosha."

Akaniomba nimsomee gazeti, nikalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, na nilipofika katikati nikaona hasikilizi. Nilikwenda pale kutua mzigo. Niliutua kweli, na nikamtwika yeye.